UZI: Ndege za kukaa popote, na namna ya kukaa na watoto wako bila kutawanywa

Pangaboi_Wilson (mwanzisha uzi)

Wakuu, shule zikikaribia kufungwa swali huwa ni lile lile: tiketi haina namba ya kiti, tuko watano, tutakaaje? Majibu mengi yanayozunguka ni "wahi mlangoni". Ushauri huo unafaa kwenye daladala. Kwenye ndege unaweza kuwa wa kwanza mlangoni na bado mtoto akapelekwa kiti cha nyuma wewe ukawekwa mbele.

Kiti kisicho na namba bado kina mtu wa kukipanga. Kwenye ndege ndogo za huku kwetu anapanga rubani akisaidiana na watu wa rampu, yaani pale ndege inapopakiwa. Kwa Southwest, shirika la ndege la Marekani, kwa miaka zaidi ya 50 foleni ndiyo iliyopanga. Mashirika mengi ya bei poa ya Ulaya siku hizi kompyuta ndiyo inayokutupa popote. Mjue anayepanga, mfikie kabla hajapanga. Uzi wote huu unasimama hapo.

Naanza na Cessna Grand Caravan, kwa sababu ndiyo inayobeba familia nyingi kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, Arusha kwenda Serengeti, Dar kwenda Unguja na kwingineko. Ni pangaboi la injini moja. Kwa mpangilio uliozoeleka, upande mmoja wa njia kuna kiti kimoja kimoja na upande wa pili viwili viwili. Kwa hiyo familia isiwaze "safu nzima ya kwetu". Iwaze jozi: mtu mzima na mtoto kwenye viti viwili, kisha jozi nyingine mbele au nyuma yake.

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio wa siku:

Wakati wa kukata tiketi, wote muwe kwenye buking moja. Mkigawanyika, baba na watoto huku, mama na dada wa kazi kule, kwenye orodha ya abiria mnaonekana watu wasiojuana. Jaza umri halisi wa kila mtoto. Mtoto aliyeandikwa kama mtu mzima kwa sababu aliyejaza fomu alikuwa na haraka, hakuna atakayemtafutia mzazi.

Siku mbili au tatu kabla, tuma ujumbe mfupi kwa kampuni. Usiandike hadithi. Andika hivi: "Buking namba fulani. Tuko watano. Watoto miaka 11, 7 na 4. Uzito: baba 88, mama 66, watoto 38, 23 na 16. Tunaomba mama akae na wa miaka 4, baba akae na wa miaka 7." Ujumbe wa namna hiyo unapangika. "Tunaomba tukae pamoja" haupangiki, kwa sababu hausemi nani lazima awe na nani.

Siku yenyewe, rudia maneno hayo hayo kwenye kaunta, kisha kwa rubani mnapotembea kuelekea kwenye ndege. Mwambie kabla mtu yeyote hajapanda ngazi. Mlango wa abiria uko nyuma upande wa kulia, njia ni nyembamba, na mtu akishafunga mkanda hakuna nafasi ya kupishana.

Kisandu

Mkuu, mbona rubani asituache tukae tunapotaka? Ndege yenyewe wakati mwingine ina viti vitupu.

Mizani15

Kisandu, viti vitupu ndivyo vinavyomfanya awe mkali zaidi. Ndege ikijaa hana la kuchagua sana, uzito umejisambaza wenyewe. Ikiwa nusu, halafu wote mkajikusanya nyuma kwa sababu mnataka kuwa karibu, mkia unazidiwa.

Caravan yote, pamoja na mafuta, rubani, abiria na mizigo, hairuhusiwi kuzidi chini kidogo tu ya kilo 4,000 wakati wa kuruka. Jumla peke yake haitoshi. Kuna mpaka wa uzito kusogea mbele na mpaka wa kusogea nyuma, na uzito ukisogea nyuma kupita mpaka, pua inakuwa nyepesi, inataka kuinuka yenyewe, rubani anakosa nguvu ya kuishusha. Ndiyo maana kwenye kiwanja utaona wanaegemeza mkia kwa kigingi cha chuma abiria wanapopanda: watu wazima wanne wakijazana karibu na mlango wa nyuma huku mbele hakuna mtu, ndege inaweza kukaa kitako.

Kwa hiyo kanuni ya rubani ni wazito mbele, wepesi nyuma. Sasa angalia familia inavyoingia hapo. Baba wa kilo 88 anaitwa mbele. Mtoto wa kilo 16 ndiye mwepesi kuliko wote, anapelekwa nyuma. Hakuna aliyewaonea. Hesabu ndiyo iliyowatenganisha, kwa sababu hakuna aliyewataja kama jozi.

Ukitaja jozi hesabu inabadilika. Mama 66 na mtoto 16 ni kilo 82 kwenye viti viwili, wepesi kwa viti viwili, wanafaa safu ya nyuma kidogo. Baba 88 na mtoto 23 ni kilo 111, wanakaa safu iliyo mbele yao. Binti wa miaka 11 anachukua kiti cha peke yake ng'ambo ya njia, sambamba na baba yake. Rubani kapata wepesi nyuma na wazito mbele, na kila mtoto ana mtu mzima anayeweza kumgusa kwa mkono. Ukimpelekea ombi linalofuata hesabu yake, hana sababu ya kulikataa.

La pili, semeni uzito wa kweli. Kuna kampuni zinapima abiria pamoja na mizigo kwenye mizani. Ukisema 70 kumbe ni 92, mpango wa viti uliofanywa jana unavunjwa asubuhi, na unavunjwa kwa haraka.

La tatu, mizigo. Kampuni nyingi za safari hizi zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki kuingia kwenye tumbo la mizigo chini ya ndege. Likishindikana, linatafutiwa nafasi ndani ya kabini au linabaki lije na ndege nyingine. Familia ya watano ina kilo 75. Zigaweni kwenye mabegi laini matano.

BintiPangani

Naongezea kuhusu zile safari za vituo, maana ndiko watu wanakoumia zaidi.

Caravan nyingi haziendi moja kwa moja. Ikitoka Arusha inaweza kugusa Manyara, kisha Seronera, kisha Kogatende. Ikitoka Wilson inashusha Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, kwa mpangilio unaotegemea abiria wa siku hiyo. Kila kituo watu wanashuka na kupanda, na rubani anapanga upya.

Kama mnapandia kituo cha kati, mtakuta viti vilivyobaki vimetawanyika: kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja mlangoni. Hapo usianze kuwaomba abiria mmoja mmoja huku injini inasubiri. Mwambie rubani akiwa bado chini: "Tuna mtoto wa miaka 4, lazima awe na mama." Yeye ndiye atakayemhamisha mtu, na abiria wanamtii rubani haraka kuliko wanavyokutii wewe. Uliza pia kama kituo kinachofuata kuna wanaoshuka. Mara nyingi kutengana huko ni kwa dakika 15 au 20 tu, halafu viti vinapatikana. Ila usihame mwenyewe eti kwa kuwa kiti kimeachwa wazi, subiri akuambie.

Kama mna uhuru wa kuchagua, pandieni kituo cha kwanza, na asubuhi. Kufikia mchana jua limeshachoma ardhi, hewa inapanda kwa mawimbi, na kindege kinarushwa. Mkia ndio unaoyumba zaidi, eneo la karibu na mabawa linatulia kuliko kwingine. Mtoto anayetapika safarini mtaje kwenye ule ujumbe wa mapema. Ni sababu nzuri ya kuombewa kiti cha katikati badala ya nyuma kabisa.

Kisandu

Na kiti cha pembeni mwa rubani? Wengine husema watoto wanapewa.

Pangaboi_Wilson

Kiti hicho kina usukani na pedali mbele yake. Kampuni ikimruhusu abiria kukaa pale, huwa ni mtu mzima anayeweza kuambiwa "usiguse" akatulia. Usikihesabu kwenye mpango wa familia. Zaidi ya hapo, mzazi akipewa kile, kamuacha mtoto nyuma.

Mto_Trinity

Kwa walioko Marekani: Southwest ndiyo ya kukaa popote. Chekini saa 24 kabla ya safari, dakika ile ile inayofunguka, mpate kundi A. Mtoto wa miaka 6 kushuka chini mnaitwa baada ya A kabla ya B. Mtu mzima mmoja atangulie awashikie wenzake viti.

GetiB16

Mto_Trinity, maelezo yako yalikuwa sahihi mpaka tarehe 26 Januari 2026. Kuanzia tarehe 27 Januari 2026 Southwest inatoa viti vya namba kwenye safari zake. Naomba tulieleze hili kwa urefu, kwa sababu ndugu zetu wa Dallas, Houston na Phoenix bado wanatumiana ule ushauri wa zamani, na ukiufuata leo unakupoteza.

Zamani ilikuwa hivi. Kila abiria alipewa herufi A, B au C na namba 1 mpaka 60. Getini kulikuwa na nguzo zenye namba, mnajipanga watano watano. A1 mpaka A15 zilikuwa za waliolipia zaidi. Waliolipia EarlyBird, yaani huduma ya kuchekiniwa mapema, walichekiniwa na mfumo saa 36 kabla, kwa hiyo hata ukibonyeza sekunde ile ile ya saa 24 ulikuwa nyuma yao. Mwenye mtoto wa miaka 6 au chini, na watu wazima wasiozidi wawili, aliingia baada ya A. Kwenye Boeing yenye viti 175, watu 60 wa A hawajazi nusu ya ndege, kwa hiyo jozi zilikuwepo, ila nyuma ya mabawa. Waliokosa ni waliong'ang'ania safu za mbele. Kuhusu kushikiana viti, shirika halikuweka sheria ya kukubali wala kukataa, na ndiyo maana kulikuwa na ugomvi kila siku.

Sasa ni hivi. Kuna makundi nane ya kupanda, na kundi lako haligusi tena nani atakaa na nani. Kinachogusa ni aina ya nauli. Nauli ya Basic hairuhusu kuchagua kiti unapokata tiketi; unapangiwa wakati wa chekini, kutoka kwenye viti vilivyobaki. Nauli ya Choice inakuruhusu kuchagua kiti cha kawaida papo hapo. Choice Preferred inakupa vya mbele zaidi, Choice Extra vile vya miguu kunyooka.

Kosa ninaloliona sana ni kuchanganya: mama na mtoto mdogo wanakatiwa Choice, baba na mkubwa Basic, buking mbili tofauti. Mfumo hauwezi kuwaunganisha. Kama pesa inabana, basi wote wawe Basic kwenye buking moja yenye tarehe za kuzaliwa za watoto zilizo sahihi, fanyeni chekini mara tu inapofunguka, na mkiona mtoto katupwa mbali wasilianeni na shirika muda huo huo. Msisubiri geti.

Na kwa wanaosoma nauli za zamani: mabegi mawili ya bure nayo yaliisha kwa tiketi za kawaida zilizokatwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025. Familia ya watano inayojaza mabegi kumi kwa mazoea itashangaa kaunta.

Mto_Trinity

Asante sana GetiB16. Nimesahihishika. Ukiwa unachagua viti kwenye hiyo Boeing ya tatu kwa tatu, wanne mnakaaje?

GetiB16

Kuna njia mbili. Ya kwanza, watatu upande mmoja na mtu mzima wa pili ng'ambo ya njia, safu hiyo hiyo. Mnaonana, mnapokezana mtoto. Ya pili, dirisha na cha kati kwenye safu mbili zinazofuatana, mtu mzima na mtoto kila safu. Naipenda ya pili kwa watoto wenye miguu isiyotulia, kwa sababu mtoto wa nyuma anapiga teke kiti cha ndugu yake, siyo cha mgeni. Watano ni watatu na wawili, safu moja, njia katikati.

Safu ya mlango wa dharura isahau. Kwa kanuni za Marekani anayekaa pale lazima awe na miaka 15 kwenda juu na aweze kufungua mlango, na mtu mwenye mtoto wa kuhudumia haruhusiwi pia.

Mvua_ya_Leeds

Ulaya nako kumebadilika kitambo. easyJet iliacha kukaa popote mwaka 2012, Ryanair mwaka 2014. Hatari ya sasa ni kompyuta: usipolipia kiti unapangiwa bila kujali mnajuana.

Ryanair wana kanuni ambayo wengi wanaisoma nusu. Mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 analazimika kulipia kiti chake, na akishalipa, watoto mpaka wanne wanapata viti karibu naye bure. Mzazi wa pili halazimiki. Kwa hiyo mama analipa, watoto wanne wanakaa naye, baba anapangiwa popote. Kama baba kukaa mbali si tatizo, mmeokoa pesa. Kama watoto ni wawili wadogo sana, mlipieni na yeye.

Uingereza, mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga unataka watoto wadogo wakae safu moja na mtu mzima wao, na isipowezekana wasiachane kwa zaidi ya safu moja au upana wa njia. Taja mwongozo huo kwa upole kwenye geti, wahudumu wanaujua.

Mizani15

Kuhusu kubadilishana viti na abiria wengine, popote duniani: mwanzieni mfanyakazi wa geti, kwa sababu anaona viti vyote vilivyo wazi na ana mamlaka. Ndani ya ndege mtu anaombwa kwa kupewa kiti sawa au bora kuliko alichonacho. Kiti cha njiani kwa cha njiani, dirisha kwa dirisha, na kiwe mbele ya alipo. Ukimwomba mtu aache dirisha alilolipia aje kwenye kiti cha kati safu ya 28, umemwomba zawadi, na ana haki ya kusema hapana. Ombeni watu wanaosafiri peke yao, na hamisheni mtu mzima mmoja badala ya kuhamisha watoto watatu.

Mkishindwa kabisa, gawaneni kwa umri. Wa chini ya miaka 5 hana mjadala, anakaa na mzazi. Anayeweza kukaa peke yake ni yule anayejifunga na kujifungua mkanda mwenyewe, anayeelewa tangazo la mhudumu, na anayeweza kuvaa kinyago cha hewa bila kusubiri mama. Mjaribisheni mkanda kabla ya kuruka. Awe na maji, dawa zake na sweta kwenye begi lake mwenyewe, siyo kwenye la mzazi aliye safu kumi mbele.

MamaWawili

Pacha wa miezi 10, mzazi mmoja. Kwenye Caravan na kwenye Boeing inakuwaje?

BintiPangani

Mama, mtu mzima mmoja anapakata mtoto mchanga mmoja. Chini ya miaka 2 anaruhusiwa mapajani, wa pili lazima akatiwe kiti chake au umpate mtu mzima mwingine. Akipakatwa, usimzungushie mkanda wako. Ndege ikisimama ghafla uzito wako wote unambana yeye. Funga wako kwanza, kisha mtoto afungwe kwa mkanda wake mdogo unaoshikizwa kwenye wa kwako kama kampuni inautumia, au umshike kwa mikono.

Mkiwa watu wazima wawili kwenye Boeing 737, msikae upande mmoja wa safu moja na pacha wote mapajani. Kwa kawaida juu ya viti vitatu kuna vinyago vinne vya hewa, yaani ziada ni kimoja. Kaeni kila mmoja upande wake wa njia, safu ile ile. Mfumo wa chekini mara nyingi utawakataza wenyewe bila kueleza sababu, na sababu ni hiyo. Caravan haina hesabu hiyo ya vinyago, ila sheria ya mtu mzima mmoja kwa mchanga mmoja iko pale pale.

Kwa yule wa pili aliyekatiwa kiti, miezi 10 hawezi kukaa kwenye mkanda mtupu, anahitaji kiti cha mtoto cha gari. Kile cha Marekani kiwe na lebo ya maandishi mekundu inayosema kinafaa kwa gari na ndege. Kiwekwe dirishani ili kisizibe njia. Pima upana wake: kisichozidi sentimita 40 kinaingia kwenye viti vingi vya ndege kubwa. Kwa Caravan watumie kampuni picha na vipimo vyake kabla ya kulipa, na uwaambie ni kiti kipi cha jozi unachokiombea, kwa sababu kiti hicho nacho kina uzito wake na utajumlishwa.